Alitema au Alimeza? Barua ya Mvuvi Aliyeumwa na Manyigu

Mama Marcelina, shikamoo, na shikamoo nyingine kwa niaba ya wote tunaokusikiliza hapa Mwamgongo kwenye redio ya dukani kwa Dismasi, betri zikiwa na nguvu. Naomba na mimi leo unisikilize, maana tunaambiwa ulikuwa muuguzi kabla hujaingia redioni, na shida yangu nusu yake ni ugonjwa na nusu yake ni mapenzi, nami sijui nianze na ipi.

Ngoja nianze na shukrani kwa kuwa ni mzima, ninakula, mkono unashika kasia, na jicho lililokuwa limefumba kabisa sasa linaona mpaka ng'ambo ya ziwa kukiwa hakuna ukungu, namshukuru Mungu na namshukuru mtu mmoja ambaye ndiye habari yenyewe. Sisi wavuvi wa dagaa, mbalamwezi ikiwa imekomaa hatuendi ziwani, kwa sababu dagaa hawana haja na taa yako wakati mwezi wenyewe unawamulikia bure, basi karabai zinatundikwa na watu wanashona nyavu na kupiga soga, nami yangu niliitundika kwenye boriti ya kibanda changu pale ufukweni, nikaisahau hapo hadi giza liliporudi, mchana huo nikasema niishushe niisafishe tuingie kazini, nikapenyeza mkono chini ya kofia yake bila kuchungulia, kumbe manyigu wameshahamia na kujenga humo na kuzaa, yoo mama we! Walinishika mkono, shingo, shavu, mpaka kwenye kope, nikaitupa karabai nikakimbia bila kujua ninakwenda wapi, nikaanguka kwenye dagaa wa watu walioanikwa mchangani.

Watu wakajaa, na kila mtu ana dawa yake, unavyotujua. Dismasi akaja mbio na chupa ya mafuta ya taa akitaka kunipaka usoni, mama mmoja ananikamulia kitunguu, mwingine ameleta majivu ya moto kabisa kutoka jikoni, na mwanamume mmoja ambaye simtaji kwa heshima ya wanawe akaanza kufungua kaptula akisema mkojo ndiyo dawa ya mdudu yeyote, nami siwezi kusema ndiyo wala hapana kwa sababu midomo imevimba na dunia inazunguka na nimeanza kutapika. Hapo ndipo Léoncie akawasukuma wote.

Mama, huyu Léoncie ni binti wa Burundi, walivuka ziwa na shangazi yake mama Kaneza mwaka ule wa machafuko makubwa kwao, wakapokelewa hapa kijijini kwetu, wakapewa kipande cha kulima kule juu, na huku chini wanakausha dagaa kama wengine, ndugu zake wa kiume wote hawakufika, sisi hatumuulizi na yeye hasemi. Na dagaa nilioangukia walikuwa wake. Badala ya kunigombeza alinishika kwapani akaniburuta mpaka majini, akanilaza pembeni na mkono wangu ndani ya maji, akasema kwa sauti kubwa, "Mafuta ya taa peleka kwenye taa! Na wewe funga kaptula!" halafu kwangu akawa anasema taratibu, "Humura, humura," yaani tulia, usiogope. Pete ya marehemu mke wangu, ambayo nilikuwa sijaivua tangu tumzike, ilikuwa inazama kwenye kidole na kidole kimeshakuwa cheusi, akaomba sabuni na uzi wa nyavu, akakizungushia uzi kidole na kuisukuma pete polepole mpaka ikatoka, akanitilia mfukoni. Kisha akachukua wembe akanichanja kidogo hapa kwenye kiwiko cha mkono ambapo walinishambulia zaidi, akaweka mdomo wake akanyonya sumu, mbele ya umati mzima, nami nikiwa nimelala pale najiambia hata nikifa sasa hivi sina la kulalamika.

Sikufa, ndiyo balaa lilipoanzia. Baba yangu mdogo, Mzee Pastory, ndiye mkubwa wetu baada ya baba kufariki, naye alikuwepo, na jioni aliniita akaniambia kwa uso mkavu kwamba mimi na Léoncie tumeshanywana. Wewe labda ni mtu wa mbali hujui kunywana, ni ule undugu wa damu wa wazee wetu Waha na wa Warundi pia, watu wawili wanachanjana, kila mmoja anaonja damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja, hawadhuriani, hawanyimani, na kwa maneno ya Mzee hawaoani hata dunia ipinduke. Nilimwambia baba mdogo ile ilikuwa dawa, akasema damu haiulizi imekuja kwa dawa au kwa nini. Nikamwambia mimi sikuonja damu yake. Akasema wembe ulimkata Léoncie kidole gumba na tone lake likaingia kwenye chale yangu, yeye aliliona kwa macho yake mawili. Sasa kijiji kimegawanyika, wako wanaoapa kwamba Léoncie alitema na wako wanaoapa kwamba alimeza, wananibishania kwenye mashua, dukani, hata Jumapili nje ya kanisa, mpaka katekista alipoulizwa akasema yeye hakuwepo na angeomba asiulizwe tena.

Kwa nini jambo hili linaniumiza hivyo? Ni kwa sababu nilikuwa nimeshakusudia kumuoa. Tangu msimu uliopita nilikuwa nikifika pwani natenga samaki mmoja, mgebuka mzuri kuliko wote, nasema huyu ni wa mama Kaneza, hana meno, kumbe mama Kaneza ana meno yote kushinda mimi, na Léoncie alikuwa anajua na anacheka. Nilikuwa nangoja tu mwaka wa matanga uishe vizuri nimtume baba mdogo. Sasa baba mdogo hatumiki. Na jambo la pili, tangu siku ile ya manyigu Léoncie ananiita "musazanje", yaani kaka yangu, zamani alikuwa ananiita Nikodemu tu, sasa kila tukikutana, "Umeamkaje musazanje, mkono unaendeleaje musazanje," naye anasema huku anatabasamu. Na la tatu ndilo linaloniamsha usingizini, wakimbizi wa hapa wameandikishwa kwenda makazi mapya huko Tabora, mama Kaneza amekubali kwa sababu kule kila familia inapata shamba lake, na mwisho wa mwezi wanapanda boti hadi Kigoma mjini na kutoka hapo treni.

Nimekwenda kwa baba mdogo mara nyingi. Nimekwenda kwa katekista. Nimemuuliza mwenyekiti, nimemuuliza hata mama Kaneza kwa kuzunguka, akanijibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa nageuza dagaa, sikuona." Ninachoomba kwako mama yangu ni kimoja, niambie kwa elimu yako ya hospitali, mtu akikunyonya sumu ya nyigu mnakuwa mmechanganya damu au hamjachanganya? Nikipata neno lako nitampelekea Mzee Pastory aniruhusu nimuoe, kwa sababu sijui njia nyingine ya kumshukuru mtu aliyeniokoa. Usitaje jina langu.

Ni mimi mwenye shukrani na mashaka,
Nikodemu, Mwamgongo.

MAMA MARCELINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadili hapa redioni kama ulivyoomba, na la kwako pia, lakini manyigu ndani ya karabai sikuweza kuwabadili, na sidhani kama kuna mtu hapo dukani kwa muuza duka wenu anayejiuliza barua ni ya nani. Pole. Vumilia, wakishacheka watanyamaza.

Kwanza kabisa pole kwa maumivu, na hongera kwa kuwa hai, maana ulivyoeleza, ndugu yangu, ulipita karibu sana na kaburi na sidhani kama unajua. Midomo kuvimba, kizunguzungu, kutapika, hayo si maumivu ya kawaida ya nyigu. Huo ni mwili unaoikataa sumu yenyewe. Safari ijayo inaweza kuwa mbaya kuliko hii, hata kwa nyigu mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya habari ya ndoa, nenda zahanati ukamweleze mganga yote uliyonieleza mimi, na kuanzia leo karabai yako ifunike kwa gunia ukiitundika, na kuichungulia achungulie mtu mwingine. Umenisikia?

Sasa niwaseme wenye dawa, nanyi wasikilizaji wengine msicheke, kwa sababu barua za namna hii napata kutoka kila kona. Mafuta ya taa yanababua ngozi, hayaondoi sumu. Majivu ya moto yanakuongezea jeraha la pili juu ya la kwanza. Yule bwana wa kaptula, namwomba abaki amefunga, mkojo ni uchafu na hausaidii kitu. Kitunguu hakina madhara makubwa kwenye ngozi isiyochanika, mkipenda kunukia mchuzi ni hiari yenu. Wembe ndio unaonitisha kuliko vyote, hasa wembe wa ufukweni uliotumika kupasulia samaki, huo unaweza kumwachia mtu pepopunda na akafa kwa dawa wakati mdudu mwenyewe alishamsamehe.

Halafu jambo hili wengi hawalijui. Nyuki akikuuma anaacha mwiba wake, na ule unapaswa kuukwangua haraka kwa ukucha au mgongo wa kisu. Nyigu haachi mwiba. Anachoma, anachomoa, anaondoka nao akamchome mwingine. Na sumu ikishaingia inasambaa muda huohuo, hakuna mdomo wa binadamu unaoweza kuivuta irudi. Kwa hiyo binti yule, kwa mapenzi yake yote, alinyonya kitu ambacho hakikuwepo. Kijiji kizima mnabishana kama alitema au alimeza, wakati hapakuwa na cha kutema wala cha kumeza zaidi ya jasho lako na maji ya ziwa!

Lakini usikimbilie kumwambia kwamba hakukusaidia, maana hapo utakuwa umesema uongo. Alikutoa mahali palipokuwa na manyigu. Alikulaza. Aliweka mkono kwenye maji baridi, akavua pete kabla kidole hakijafa, na hilo la uzi na sabuni wapo wauguzi niliofanya nao kazi ambao wasingelikumbuka. Aliwazuia wajinga. Alikutuliza, na mtu aliyetulia moyo haumwendi mbio. Hayo ndiyo yaliyokuokoa, na Mungu akamalizia. Angepata na mtu wa kumwambia atumie sabuni pasipo wembe, na akupakie kwenye boti moja kwa moja kwenda hospitali, ningemwajiri. Nanyi wa Pwani mnaoniuliza kila wiki juu ya yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, msichukue dawa ya watu wa ziwani, kwenu ni kusuuza kwa maji ya bahari hiyohiyo, si maji ya kisimani, wala msisugue kwa mchanga.

Sasa njoo kwenye damu. Umeniuliza kwa elimu ya hospitali, nami nakujibu kwa elimu ya nyumbani pia, kwa sababu mimi si mtu wa mbali kama unavyodhani, mama yangu ni Muha wa Kidahwe, hukohuko Kigoma, na kunywana nimekusikia tangu nikiwa nimebebwa mgongoni. Wanaonywana wanakaa chini wakiwa wazima, wanajua wanachofanya, kila mmoja anatamka kiapo mbele ya mashahidi. Wewe ulikuwa unatapika. Kiapo kilichotamkwa pale ni kipi? Humura? Humura si kiapo, ni neno la kumbembeleza mgonjwa. Na Mzee wako, kwa heshima zote, na umsalimie, anasema aliona tone moja la damu likiingia kwenye chale katikati ya umati, vitunguu na majivu. Macho yake ni mazuri, nayaonea wivu. Mwambie hivi kwa adabu: mwenyekiti wa kijiji akisimama mkutanoni anawaita wote ndugu, wanaume kwa wanawake, na bado watu wanaoana kila baada ya mavuno. Undugu wa namna moja hauzuii wa namna nyingine. Kama bado moyo wake unasita, akaongee na wazee wa upande wa binti, waamue pamoja, maana mila ni ya wote wawili na si yake peke yake.

Hapo nimemaliza swali lako. Ila swali lako silo.

Mwanangu, barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikairudia. Umemuuliza baba mdogo. Umemuuliza katekista wa watu mpaka ameomba likizo. Umemuuliza mwenyekiti, ukamzungukia shangazi, ukaniandikia mimi niliye mbali kwa stempu ya kununua. Yupo mtu mmoja tu hapo kijijini ambaye hujamuuliza, naye ndiye anayepanda boti mwisho wa mwezi! Hivi mnalijadili koo lake, alitema au alimeza, kama vile ni ng'ombe wa mnada, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza anataka nini?

Unaniambia anakuita kaka huku anatabasamu. Neno hilo linaweza kuwa na maana nyingi. Inawezekana amesikia mzee wako anavyosema, akaona afadhali alitamke yeye kwanza kuliko kulisikia kwako. Inawezekana ni ngao yake, binti asiye na kaka katika kijiji cha wageni, akikuita kaka midomo ya watu inatulia. Na inawezekana, mwanangu, nakuomba ulisikie hili bila kukasirika, inawezekana anamaanisha. Ndugu zake wa kiume hawakuvuka lile ziwa. Siku ile alikuta mwanaume anamfia mikononi, naye hakufa. Pengine amepata kaka, na hilo kwake ni kubwa kuliko mume. Mimi siwezi kujua. Mzee wako hawezi kujua. Anayejua anageuza dagaa hapo ufukweni.

Na usiniletee habari kwamba unataka kumuoa kwa kuwa hujui njia nyingine ya kumshukuru. Hilo nimelikataa. Shukrani ina njia zake na wewe unazijua, kamwanikie dagaa mpya badala ya wale uliowalalia, kamsimulie mbele ya watu wote alivyokuokoa, kawaambie wanyamaze wanapomsema. Mtu haolewi kama malipo ya dawa. Bahati nzuri umejisaliti mwenyewe, kwani yule mgebuka wa mama mwenye meno alianza kutengwa msimu uliopita, kabla nyigu hajajenga popote. Kumbe hayo siyo shukrani, ni mapenzi. Basi yaseme hivyo, usiyavike nguo ya shukrani, maana mtu anayedaiwa shukrani anaona aibu kukataa, na anayependwa tu anakuwa na uhuru wa kujibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mshukuru kwanza, umalize. Halafu muulize ana kwa ana, kwa maneno mafupi, bila mzee na bila mimi. Akisema ndiyo, ndipo mzee atumwe, na kama anataka kwenda Tabora na shangazi yake kupata shamba, jiulize kama wewe unaweza kujifunza kulima. Akisema wewe ni kaka yake, basi uwe kaka kwelikweli. Mbebee mizigo mpaka stesheni, mtafutie nafasi ya kukaa, mwandikie barua, na siku akiolewa huko uende ukasimame mahali pa wale ambao hawakufika. Hilo nalo ni jambo zuri sana la kuishi kwa ajili yake, nakuhakikishia.

Na wewe binti, ambaye jina lako nimeliacha, kama unanisikia hapo kwenye mchanga wako, asante. Tunakushukuru sote tunaofurahi kwamba mtu huyu yu hai. Huna deni kwake, wala yeye hana deni la kukulipa kwa ndoa. Akikuuliza, mpe jibu linalotoka moyoni mwako, liwe lolote.

Barua yako, mwanangu, nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, kwa sababu treni ya Kigoma haimngoji mvuvi amalize kuuliza watu. Hata sasa hivi bado umekaa hapo dukani, unangoja niseme jambo jingine. Sina jingine. Inuka, toka nje, yuko palepale ufukweni.

Nenda.